Kipuri cha Nyumbani Kipimwe Kwanza

Lori lenye nguvu za kubeba magunia mia laweza kusimamishwa na kitu kisichozidi kidole gumba. Mpira wa springi ukilika, nati ikidondoka njiani, au gasketi ikipasuka, gari zima hugeuka kuwa rundo la chuma, na shehena yake hukaa ikiozea juu. Ukweli huo wajulikana sana Utete. Mji ule, ulio makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, umekaa kando ya mto, mbali na barabara kuu iendayo Lindi, na msafiri huiacha barabara hiyo Nyamwage ndipo aukabili. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa taabu ya kivuko cha Ndundu. Lakini daraja haliuzi vipuri, wala halizuii mvua za masika kuigeuza ardhi ya bondeni kuwa tope. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha wote kuwa Rufiji ni nchi ya maji kabla ya kuwa nchi ya magurudumu.

Kwa hiyo swali tunaloliuliza leo si la mchezo. Gari likivunjika Utete au Kibiti, je, mwenyewe anunue kipuri kilichotoka ng'ambo, au fundi wa hapo hapo akitengeneze? Sisi twasema: fundi akitengeneze, kila inapowezekana. Ila twaongeza neno moja ambalo watu wengi hawapendi kulisikia: kwanza kipimwe.

Tuitazame bei ya kipuri kinachonunuliwa. Kijidude kilichofanywa Japani au China kimelipiwa meli, kimelipiwa ushuru, kimempa faida mwagizaji, kimempa faida mwenye duka wa Kariakoo, kimempa faida mchuuzi wa Kibiti, kisha kimelipa nauli ya basi hadi kwa fundi. Anayebeba mzigo huo wote ni mtu wa mwisho, yaani mwenye gari. Naye huutua juu ya abiria na mkulima. Juu ya hayo, gari limelala siku tatu likingoja. Siku tatu hizo samaki wa delta hawangoji, wala mgonjwa anayepelekwa hospitali hangoji. Tena kununua si dhamana ya ubora, kwani vipuri vya bandia vimejaa madukani, vimefungwa katika maboksi ya kupendeza kuliko hata vya halali.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya namna hii haiwezekani katika nchi yetu, na kwamba chombo cha moto ni siri ya watu wa mbali. Hao waikumbuke historia ya Rufiji yenyewe. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaja kujificha katika delta ya Rufiji, mitambo yake ikiwa mibovu. Vipande vya mitambo hiyo vilifunguliwa, vikakokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa katika karakana ya huko, vikarudishwa kwa njia ile ile. Waliokokota hawakuwa maafisa wenye kofia. Walikuwa babu zetu, kwa maelfu, kwa kamba na mabega yao. Manowari ile iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake kumi iliopolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam, ikaendelea kupigana bara. Mmojawapo upo Mombasa hata leo, katika Ngome ya Yesu.

Vita hivyo hivyo vyatupa ushahidi ulio karibu zaidi na magari. Manowari za Waingereza zilipoifunga pwani, bidhaa za Ulaya zilikatika. Jemadari Lettow-Vorbeck aliandika katika kumbukumbu zake kuwa matairi ya motokaa na ya baiskeli yalifanywa humu humu nchini, kwa mpira wa mashamba uliochanganywa na kiberiti. Kumbe tairi iliwezekana hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita! Lakini iliwezekana kwa faida ya nani? Jasho lilikuwa letu, vita vilikuwa vyao, na amani iliporudi matairi yakarudi kuletwa na meli. Mkono wa Mwafrika ulitumiwa. Elimu ya kazi ile haikuachwa mkononi mwake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 taifa lilijaribu kulirekebisha jambo hilo. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kuvilea viwanda vidogo, na Shirika la Viwango likafuata mwaka 1975. Vita vya Kagera vilipokwisha, na fedha za kigeni zikawa adimu, malori mengi yalikaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Mwaka 1985 likaanzishwa Shirika la Nyumbu huko Kibaha, chini ya Jeshi la Wananchi, lichunguze na kuunda magari na vipuri vyake. Kibaha na Utete zote zi katika Mkoa wa Pwani. Hatusemi basi juu ya ndoto ya nchi ya mbali. Twasema juu ya jirani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Fundi akitaka gasketi ya kifuniko cha mafuta, hutandika karatasi nene juu ya ukingo wa chuma, akaugonga taratibu kwa nyundo mpaka umbo lote likatike, na matundu ya bolti yakajichora yenyewe. Ni kazi ya dakika chache, nayo hufaa. Akitaka bushi ya mpira, huchonga tairi kuukuu. Ekzosi iliyotoboka huchomelewa. Rejeta inayovuja huzibwa kwa risasi. Bodi iliyolika kwa kutu hukatiwa bati. Wala mzunguko hauishii hapo, kwani springi iliyovunjika kabisa humwendea mhunzi, ikawa panga, jembe au tezo ya kuchongea mtumbwi. Hakuna kinachotupwa. Kazi hii ni elimu, na mwenye kuijua astahili kuitwa fundi bila ya mtu kucheka.

Lakini chuma kina sheria zake, wala hakimstahi mtu kwa sababu ni maskini. Springi iliyotiwa motoni hata ikawa nyekundu, kisha ikaachwa ipoe polepole, huwa laini, na lori lililopakiwa huipinda. Ikitoswa ghafula katika maji huwa ngumu, lakini hukatika kama kigae. Ajuaye huitosa katika mafuta, kisha huirudishia moto mdogo ili ipate ugumu pamoja na unyumbufu. Mafundi wawili waweza kufanya vipande viwili visivyotambulikana kwa macho, kimoja kikadumu miaka, kingine kikavunjika mteremkoni siku ya kwanza. Ndiyo maana twasema kipimwe.

Viko basi vitu ambavyo twavikataza waziwazi: breki, usukani, na bolti za magurudumu. Namba zilizopigwa kichwani mwa bolti si pambo. Zaonyesha nguvu zake. Anayeitoa bolti hiyo na kuweka nondo aliyoichonga mwenyewe ameweka mauti mahali pake. Maji ya sabuni yakitiwa mahali pa mafuta ya breki, kanyagio huitika vizuri asubuhi. Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100, na mafuta halali huvumilia zaidi ya nyuzi 200. Breki zikishika moto, maji yale hugeuka mvuke, na kanyagio huzama bila ya kushika kitu. Wakati huo dereva hana la kufanya ila kupiga honi.

Ni nani alaumiwe? Desturi yetu ni kumlaumu fundi. Sisi twauliza: nani aliyemwamuru? Mara nyingi mwenye gari hayumo garini. Yeye ataka hesabu yake ya jioni, naye humwambia dereva, "Funga hivyo hivyo, tutanunua mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi haufiki. Anayepanda gari hilo ni dereva, na utingo, na mama mwenye mtoto mgongoni. Huo si umaskini tena. Ni unyonyaji uliovaa nguo za umaskini. Kujitegemea hakuna maana ya tajiri kujiwekea akiba kwa roho za wafanyakazi.

Tufanye nini? Ghana imetutangulia katika jambo moja. Katika mji wa Kumasi, mahali paitwapo Suame Magazine, mafundi wa magari wamejaa kama siafu. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha mji huo kilifungua kituo pale pale katikati yao, kikaleta mashine za kukereza vyuma na kuwafundisha kazi. Hakikuwangoja mafundi waje chuoni; chuo kilikwenda kwa mafundi. Hilo ndilo tunalolitaka Rufiji. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kiko Ikwiriri, SIDO ipo, Nyumbu ipo. Mashine moja ya kukereza, vipimo vya kweli, na mwalimu ajuaye kuchoma chuma, vikiwekwa mahali ambapo mafundi wa Utete na Kibiti wavifikia, vitafaa kuliko semina kumi.

Mafundi nao wana wajibu. Waungane katika ushirika wao, wanunue vyombo ambavyo mmoja peke yake hawezi kuvinunua. Kila fundi awe na alama yake, aigonge juu ya kila kipuri anachokitengeneza, ili kikidumu asifiwe, na kikivunjika ajulikane. Mwanafunzi asifundishwe kukata tu. Afundishwe pia kukataa. Fundi awezaye kumwambia tajiri, "Hiki sikitengenezi, kanunue," ameokoa watu wengi kuliko anavyojua.

Na ninyi abiria, msinyamaze. Ulizeni breki za gari kabla ya kuuliza nauli. Babu zetu walikokota mitambo ya Königsberg bila ya kuulizwa rai yao. Sisi tunaulizwa. Tujibu kwa kazi iliyo safi, yenye bei nafuu, na iliyopimwa.