Semina za Uongozi: Nani Analipa, Nani Anafundishwa?



Hapa Gisenyi, mji ambao siku hizi uko katika wilaya ya Rubavu, hoteli za kando ya Ziwa Kivu hazikosi semina. Magari hutoka Kigali, madaftari yanagawiwa, chai inanywewa saa nne, na wakubwa wa kazi wanafundishwa uongozi. Mwajiri mmoja wa hapa aliwapeleka wakubwa wake siku 3. Waliporudi walitukusanya wakasema: "Kuanzia leo sisi ni familia moja. Katika familia hakuna manung'uniko." Mwisho wa mwezi tulitazama karatasi za mishahara. Saa za ziada hazikulipwa.

Basi tukajiuliza: elimu hii ilianzia wapi, na ilikuaje mpaka ikawa biashara ya dunia?

Mwaka 1912, mjini New York, kijana mmoja aitwaye Dale Carnegie, mtoto wa mkulima maskini wa Missouri, alianza kufundisha jioni katika jumba la YMCA. Chama hicho hakikutaka kumpa mshahara, akakubali sehemu ya ada. Wanafunzi wake walikuwa watu waliotoka kazini wamechoka, wakilipa kutoka mfukoni mwao. Walitaka kusimama mbele ya watu na kusema bila kutetemeka. Inasimuliwa kwamba katika somo la kwanza maneno yalimwishia mwalimu. Akawaambia wasimame mmoja mmoja, kila mtu aeleze jambo linalomkasirisha. Wakasema, na hofu ikawatoka.

Ndugu, tukumbuke hapo: shule hii ilianza na hasira ya mfanyakazi.

Mwaka 1936 Carnegie alitoa kitabu chake, How to Win Friends and Influence People, kikauzwa kwa mamilioni. Kanuni yake ya kwanza inamwambia mtu asilaumu, asishutumu, asilalamike. Kati ya majirani ni shauri jema. Lakini likitoka kinywani mwa anayeshika mshahara wako, linakuwa kufuli. Carnegie alikufa mwaka 1955, na kampuni yake ikaendelea kukua mpaka ikaingia makumi ya nchi. Makampuni nayo yakaanza kununua masomo kwa ajili ya watu wao. Na anayelipia ngoma ndiye anayechagua wimbo.

Pamoja na wakufunzi walikua washauri. McKinsey ilianzishwa Chicago mwaka 1926, ikawauzia wenye makampuni shauri, kisha na serikali. Afrika Kusini tuliona ubaya wake. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilirudisha karibu randi bilioni 1 kwa Eskom, shirika la umeme la umma. Desemba 2024 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza kesi ya rushwa iliyohusu kazi zake huko. Shauri la bei kubwa si lazima liwe shauri la haki.

Wafanyakazi wa Afrika nao waliwahi kuwa na shule yao. Mwaka 1958, shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lilifungua chuo Kampala. Viongozi wa vyama walijifunza kujadiliana na mwajiri, kutunza hesabu na kuendesha mikutano. Hakikudumu, lakini kazi yake haikuisha.

Sisi hatuna hoteli ya kando ya ziwa. Tulikutana jioni katika chumba cha kuazima, kwenye mabenchi. Mwenzetu mmoja, mpakiaji wa magunia, hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni. Tukamwuliza: "Kaka, ni jambo gani linalokukasirisha?" Akanyamaza kidogo, kisha akatoa kikaratasi. Alikuwa ameandika kila saa yake ya ziada, siku kwa siku, kwa kalamu ya risasi. Wiki iliyofuata wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi walikwenda kwa mwajiri na kikaratasi kile. Hawakutukana mtu. Walisoma hesabu. Tulilipwa.

Na hesabu za kusomwa ni nyingi. Mwaka 1980 kima cha chini cha mshahara nchini Rwanda kiliwekwa faranga 100 kwa siku, na miaka 40 baadaye kilikuwa hakijabadilishwa. Nani atalisema hilo, kama kila anayesema anaitwa mnung'unikaji?

Hatusemi semina ni mbaya. Ukialikwa, nenda, sikiliza, uandike. Ila uulize maswali matatu: nani amelipa, nani ameachwa nje ya mlango, na ni jambo gani tumekatazwa kusema? Ukirudi, wafundishe wenzako uliyoyapata. Kiongozi wa wafanyakazi hafundishwi peke yake.

Umoja ni nguvu.