Bunduki za Gemu na Zile za Kweli

Bunduki nyingi zinazofyatuliwa kwenye gemu za simu, kompyuta na PlayStation hazikutoka kichwani mwa wachoraji wa gemu. AK ya Free Fire, Kar98k ya PUBG na AWP ya Counter-Strike zina viwanda vilivyozizaa na wahandisi waliozisanifu, na baadhi yake zimepigana vita vingi kabla ya kufika kwenye kioo cha simu.

Inayojulikana kuliko zote ni AK-47. Ilisanifiwa na Mikhail Kalashnikov, sajini wa kikosi cha vifaru katika jeshi la Kisovieti, ikapokewa rasmi jeshini mwaka 1949. Hutumia risasi za milimita 7.62, na magazini yake ya kawaida hubeba 30. Ikiachiwa mfululizo hutema takriban risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo magazini nzima inaweza kwisha ndani ya sekunde tatu. Afrika Mashariki haihitaji kutambulishwa bunduki hii: taarifa za polisi wa Tanzania huiita SMG, na mchoro wake umo kwenye bendera ya Msumbiji. Ubavuni, upande wa kulia, kuna wenzo mrefu wa bati. Ukiwa juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukishushwa hatua moja inapiga mfululizo, na ukishushwa mpaka chini inapiga moja moja. Kwenye gemu nyingi wenzo huo ni pambo tu.

Kar98k ni mzee zaidi. Jeshi la Ujerumani liliichukua mwaka 1935, lakini mtambo wake ni ule wa Mauser wa mwaka 1898. Hubeba risasi tano, na kila baada ya kupiga mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ukoo huo wa Mauser una historia hapa pwani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Mauser mpya zilifika Aprili 1915 kwa meli ya Rubens, iliyopenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikiwindwa na Waingereza.

AWP ya Counter-Strike nayo ni chotara. Asili yake ni bunduki za masafa marefu za Accuracy International, kampuni ya Portsmouth, Uingereza. Jina ni la toleo lililokusudiwa polisi, ila risasi ni ya toleo jingine lenye nguvu zaidi. Makosa ya aina hii ni mengi. Katika Counter-Strike za mwanzo, AK inayoshikwa kwa mkono wa kulia ilitupa maganda upande wa kushoto, ilhali AK halisi huyatupa kulia.

Wakati mwingine jina hubadilishwa makusudi. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 iliiita AK-47 “KF7 Soviet” na bastola ya Walther PPK ikawa “PP7”. Sababu kubwa ni haki za alama za biashara. Kwa miaka mingi baadhi ya kampuni za gemu zililipa watengenezaji wa silaha ili kutumia majina yao, mpaka Electronic Arts ilipotangaza mwaka 2013 kwamba inaacha malipo hayo, ingawa ingeendelea kuonyesha silaha halisi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtunzi wa gemu ana uhuru uleule wa mwandishi wa riwaya, ambaye hutaja aina ya bunduki bila kuomba ruhusa ya kiwanda.

Umbo na jina, basi, gemu huvishughulikia sana. Inayopuuzwa ni tabia ya silaha yenyewe. AK yenye magazini iliyojaa hukaribia au hupita kilo nne, na bega la mpigaji hupokea mshindo kila risasi inapotoka. Mlio wake huzidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio kwa risasi moja tu. Hata kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho kwenye gemu hugeuza mlio kuwa mnong'ono, kwa kawaida hupunguza desibeli 20 hadi 35, na kinachobaki bado ni kelele kubwa. Bunduki halisi hukwama pia. Far Cry 2 ya mwaka 2008, iliyotungwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ni kati ya gemu chache zilizoziacha silaha zishike kutu na kukwama mapambano yakiwa yamepamba moto.

Kubwa kuliko yote ni safari ya risasi. Katika gemu, risasi iliyokosa shabaha hugonga ukuta na kutoweka. Risasi ya kweli hupenya mlango, bati na kuta nyepesi, na ikipigwa hewani inaweza kuangukia mtu aliye mbali sana na aliyeipiga.

Kanuni za kumiliki silaha kwa uangalifu zinahusu mambo hayohayo ambayo gemu huyaacha. Zinazofundishwa sana ni nne, alizozieneza Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefungua shule ya kulenga shabaha huko Arizona mwaka 1976. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga. Na mpigaji ajue shabaha yake pamoja na kilicho nyuma yake.

Ya kwanza mara nyingi huvunjwa kwa kosa moja: mtu huchomoa magazini akadhani bunduki imekuwa tupu. Kama silaha ilikwisha kukokiwa, risasi moja imebaki kwenye chemba, na itatoka kifyatulio kikivutwa. Njia ya kuhakikisha ni kuelekeza mtutu mahali salama, kutoa magazini, kuvuta komeo nyuma, kisha kutazama ndani ya chemba na kuigusa kwa kidole. Mpangilio huo haubadilishwi. Anayevuta komeo kabla ya kutoa magazini huingiza risasi nyingine mwenyewe.

Uhifadhi una uzito uleule. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Network Open uliwachezesha watoto wa miaka 8 hadi 12 matoleo tofauti ya Minecraft, kisha ukawaacha katika chumba chenye kabati lililofichwamo bastola zisizoweza kufyatuka. Katika kundi lililocheza toleo lenye bunduki, karibu asilimia 62 ya walioziona walizigusa. Katika kundi la toleo lisilo na ukatili, waliozigusa walikuwa asilimia 44. Tofauti hiyo inatajwa sana katika mijadala kuhusu gemu, lakini kwa mwenye nyumba ile asilimia 44 ndiyo inayotisha zaidi. Juu ya kabati na chini ya godoro si mahali pa kufichia bastola. Mahali pake ni sefu ya chuma iliyofungwa, risasi zikifungiwa mbali nayo kwa kufuli jingine.

Sheria za ukanda huu ni kali. Tanzania huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, pamoja na bodi ya kutoa leseni, na mwishoni mwa mwaka 2018 iliwataka raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Sheria hiyo ya Kenya hugusa hata bandia: anayetumia mfano wa bunduki kwa nia ya kutenda uhalifu hushtakiwa kama aliyeshika ya kweli.

Leseni hutolewa kwa mtu, haimilikiwi na ukoo. Familia inayokuta gobore au bastola ya marehemu isiijaribu wala kuigawa pamoja na mirathi. Iiache ilipo, izuie watoto wasifike chumbani, na itoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu.