Utitiri wa Muhogo: Tuujue Kabla ya Kununua Dawa



Wengi wetu hapa Kawempe tuna kishamba cha muhogo, kama si nyuma ya nyumba basi kijijini, maana mshahara peke yake haushibishi watoto. Kiangazi kikifika majani ya juu huharibika, na mtu hukimbilia dukani kununua dawa ya wadudu. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure.

Adui mwenyewe ni utitiri. Sisi huita vyote wadudu, lakini nzige na inzi wana miguu sita na vipapasio. Utitiri uliokomaa una miguu minane kama jamaa zake, buibui na kupe, na hauna mabawa wala vipapasio. (Mchanga huanguliwa na miguu sita, usidanganyike.)

Utitiri wa kijani wa muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Katika Afrika ulionekana kwanza hapa hapa Uganda, mwaka 1971, na watafiti wa Kawanda, mbele ya Kawempe kwa barabara ya Bombo, wakauchunguza. Hunyonya majani machanga ya kileleni. Utaona vitone vya manjano kama vilivyochomwa kwa sindano, majani hudumaa, mwisho hubaki kijiti kitupu. Utitiri mwekundu huanza na majani makuukuu ya chini. Batobato ni jambo jingine: ni virusi, mabaka yake ni makubwa, jani hupinda, na mvua haiuponyi. Utitiri wa kijani hupungua mvua ikinyesha.

Sasa yuko rafiki tunayemwua bila kujua: utitiri unaokula utitiri. Aina moja kutoka Brazili, Typhlodromalus aripo, ilifunguliwa Benin mwaka 1993, kisha ikapelekwa nchi nyingi za Afrika. Mchana hukaa kileleni mwa muhogo, usiku hushuka majanini kuwinda. Kung'uta jani au kilele juu ya karatasi nyeupe: wa kijani hujikokota, mwindaji hung'aa na kukimbia. Dawa nyingi za wadudu humwangamiza huyu, na adui huzaana bila kizuizi.

Wenzetu wanaopiga dawa kwenye chai, mambo ni hayo hayo. Mwulizeni msimamizi kama dawa hiyo ni ya utitiri kweli, na msiishike kabla hajawapa glovu na kinga ya pua.

Nyumbani, chagueni mbegu kutoka miti isiyo na vitone, na ikiwezekana aina zenye vinyweleo kileleni. Mwindaji huzipenda hizo.