Ufuo Mtupu wa Nkome

Ukitoka Shinyanga ukapita Kahama na Bulyanhulu hadi Geita mjini, njia nzima utasikia habari za gramu, karasha na bei ya dhahabu. Maji hayamo katika mazungumzo. Kisha unashuka hadi mwalo wa Nkome, na ziwa linakufungukia mbele. Mzoefu wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi, aliyechoka kugombea kila wimbi na umati wa wenzake, atadhani ameokota dhahabu juu ya ardhi: maji yanapiga ufukweni na hakuna mwenye ubao hata mmoja.

Asishushe ubao kwanza. Atoe saa, ahesabu.

Alasiri, upepo unapotoka ziwani kuja nchi kavu, mitumbwi ya dagaa iliyofungwa mwaloni hugongana ubavu kwa ubavu, ko-ko-ko, bila kupumzika. Mdundo huo ndio jibu lake. Tangu kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata ni sekunde tatu au nne tu. Chukua sekunde hizo, zizidishe kwa zenyewe, kisha kwa 1.56: unapata mita zilizopo kati ya vilele viwili kwenye maji ya kina. Sekunde 4 zinatoa mita 25. Wimbi la bahari kuu la sekunde 12 linatoa mita 225 hivi.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Wimbi huanza kuhisi chini pale kina kinapofikia nusu ya urefu wake. Lile refu hugusa mapema, likapunguza mwendo, likapinda kufuata umbo la sakafu, likasimama na kuvunjika kwa zamu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo mtelezaji anapopata njia. Fupi hufika ufukweni likiwa bado halijajipanga, likamwagika lote kwa pamoja. Kabla hujageuza ubao, la pili liko usoni.

Wengi hudhani sababu ya mawimbi mafupi ni udogo wa ziwa. Ziwa hili, Victoria, lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Ziwa Michigan la Marekani lina 58,000 tu, na huko Sheboygan watu huteleza kwenye maji ya baridi kali mpaka ndevu zinaganda. Kinachopungua kwetu ni upepo wenye subira. Kule dhoruba husukuma maji upande mmoja kutwa kucha, pengine siku mbili. Kwetu, karibu na ikweta, upepo wa ziwani wa mchana hugeuka usiku ukawa wa nchi kavu, na mawimbi huanza upya kama watoto wasiokua. Kusi nayo, ya Juni hadi Agosti, hutoka nchi kavu upande wa Geita na kuyapeleka mawimbi kaskazini, wakayapokee Waganda. Kinachobaki hukatwa na visiwa: Kome, Maisome, Rubondo.

Mawimbi makubwa yapo, ila yana saa mbaya. Usiku maji hubaki na joto, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu, radi zikaanza. Wavuvi husema ziwa limechafuka, na hakuna anayecheza nalo.

Mwenye hamu ya wimbi la kweli aende Malindi, Kenya, wakati wa kusi. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na miamba ya matumbawe. Ndiyo maana Paje, Zanzibar, bahari huvunjikia mbali na ndani hubaki shwari. Malindi, Mto Sabaki humwaga maji baridi na tope, matumbawe hayastawi, na wimbi hupata mlango hadi mchangani.

Na aliyekwisha kufika Nkome na ubao wake? Aulize wavuvi kwanza kuhusu mamba, aepuke maji yaliyotulia penye majani, kwani konokono wa kichocho hukaa humo. Asubiri siku upepo wa kaskazini utakapovuma mfululizo. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo ubao uliouzoea utazama kidogo zaidi. Abebe ule mnene.