Haut-Katanga: Waandishi wakisoma mwezi wa tano, Kasenga itakula mwezi wa kwanza

Lubumbashi inaishi kwa shaba, lakini mkaaji wake akitaka kujua maisha yanaendaje, anauliza bei ya mfuko wa unga. Mfuko ukipanda, bukari inapungua kwenye sahani. Ukipanda zaidi, watu wa nyumba moja wanakula kwa zamu: leo wakubwa, kesho watoto. Wakongomani wamelipa jambo hilo jina la « délestage », kama umeme unaokatwa mtaa kwa mtaa.

Jimbo la Haut-Katanga linategemea sana mahindi na unga kutoka Zambia, vinavyopita mpakani Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Karibu hekta milioni 1 za mahindi ziliharibika, kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa. Zambia ikikosa mvua, Lubumbashi inakosa unga, na vijiji vilivyo mbali na barabara kubwa vinaumia zaidi.

Katika nchi yetu, watu zaidi ya milioni 25 wanakabiliwa na njaa kali. Macho ya dunia yako Kivu na Ituri kwa sababu ya vita, na ni haki. Lakini njaa ya Katanga haina mlio wa risasi, na kamera haziifuati. Inahitaji watu wanaojua kuisema. Hapo ndipo waandishi wanaweza kusaidia.

Kusoma ili wengine wale

Wazo hilo si geni. Marekani, shirika la Share Our Strength lilianzishwa mwaka wa 1984, wakati wa njaa kubwa ya Ethiopia. Katika miaka ya 1990, shirika hilo liliomba waandishi wasome kazi zao mbele ya watu, usiku mmoja, katika miji mingi kwa pamoja, kwenye maduka ya vitabu na vyuo vikuu. Feza za kuingilia zilikwenda kwa wenye njaa.

Kabla ya hapo, mwezi wa saba mwaka wa 1921, mwandishi Maxim Gorky aliomba dunia isaidie Urusi iliyokuwa inakufa njaa. Marekani iliitikia, na mwaka uliofuata msaada wake ulikuwa unalisha watu zaidi ya milioni 10 kila siku.

Jirani yetu Kenya alionyesha njia nyingine. Mwaka wa 2011, ukame ulipopiga kaskazini, kampeni ya « Kenyans for Kenya » iliweka lengo la shilingi milioni 500 na ikalivuka. Watu wengi walichanga kidogo kidogo kwa simu. Njia hiyo hata sisi tunayo: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika Lubumbashi kila siku.

Sauti zipo

Lubumbashi haikosi wa kusoma. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1981, sasa anaishi Graz, Austria. Kitabu chake « Tram 83 » cha mwaka wa 2014 kilimpatia jina duniani, na mara nyingi anaposoma mbele ya watu anafuatana na wapiga muziki wa jazi. Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, katika « Généalogie d'une banalité » cha mwaka wa 2015 aliandika juu ya mtaa wa Lubumbashi ambao wakaaji wake wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe.

Na kuna wale wa jukwaani. Kundi la Mufwankolo lilichekesha na kufundisha Katanga nzima kwa Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwaka wa 1986 lilitengeneza mchezo juu ya msemo « Le pouvoir se mange entier »: madaraka huliwa mazima. Katika lugha zetu, kutawala na kula vimekaa karibu siku zote. Mwandishi anayesoma juu ya njaa hawezi kukwepa kuuliza nani ameshiba.

Kwa hiyo lugha ni jambo la kwanza. Usomaji wa Kifaransa mbele ya watu mia moja katikati ya mji ni mzuri, lakini mama anayeuza unga hatausikia. Usomwe pia kwa Kiswahili, na kwa Kibemba kwa ajili ya watu wa Kasenga.

Kwa nini Kasenga

Kasenga iko kandokando ya mto Luapula, zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi, ikitazamana na Zambia. Wakati wa ukoloni, wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki huko, wakawaweka kwenye barafu na kuwapeleka Élisabethville. Wafanyakazi wa Union Minière walikula samaki wa Kasenga.

Mpumbu, samaki aliyepanda mto kwa wingi wakati wa mvua ili kutaga mayai, alivuliwa kupita kiasi. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa karibu kuisha. Mji ulikula, mto ukabaki mtupu. Msaada ukitoka Lubumbashi kwenda Kasenga leo, mtu asiuite sadaka.

Feza kidogo, wakati mzuri

Tuseme ukweli: usomaji mmoja hauleti feza nyingi. Ndiyo maana wakati ni muhimu kuliko hotuba. Kwa kawaida watu huanza kuchanga wakati njaa imeshafika, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, kabla ya mavuno mapya. Wakati huo mahindi ni ghali, mvua imeharibu barabara, na feza iliyochangwa inanunua mifuko michache.

Mwezi wa tano, mkulima ametoka kuvuna. Anahitaji feza ya shule na dawa, anauza mahindi yake kwa bei ya chini, na mara nyingi yeye mwenyewe anarudi kununua unga kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Usomaji ukifanyika mwezi huo, feza ileile inanunua mifuko zaidi, mkulima wa Kasenga anapata mnunuzi asiyemkandamiza, na mahindi yanabaki Kasenga kwenyewe, kwenye ghala kavu, yakingoja mwezi wa kwanza. Hakuna lori la kulipa mara mbili.

Jambo la mwisho ni hesabu. Watu wetu wamechanga mara nyingi bila kuona feza ilikokwenda. Basi jumla isomwe usiku uleule, mbele ya wote, kwa sauti ileile iliyosoma vitabu. Na mwezi wa kwanza, waandishi waende Kasenga kuhesabu mifuko wakati wa kugawa. Hapo watapata pia cha kuandika kwa usomaji wa mwezi wa tano unaofuata.