Bila Ushuru Si Bila Forodha: Mpaka wa Uingereza Baada ya Kuondoka Umoja wa Ulaya

Katika makala haya tunakusudia kueleza tofauti kati ya maneno mawili ambayo wanafunzi wengi wa tafsiri huyachanganya, nayo ni ushuru na forodha. Sokoni, redioni na hata magazetini maneno haya hutumika kana kwamba ni pacha. Mtu husema "bidhaa hii haina forodha" akiwa na maana kwamba hailipiwi kodi mpakani. Katika mazungumzo ya kawaida kosa hili halina madhara makubwa. Lakini mfasiri akilipeleka katika tangazo la serikali au katika mkataba, anayeumia ni mfanyabiashara.

Mfano unaoonyesha tofauti hii waziwazi ni wa Uingereza, nchi iliyojitoa katika Umoja wa Ulaya. Tumeuchagua mfano huo kwa sababu Waingereza walibaki bila ushuru, ila forodha ikarudi.

Maneno yenyewe

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Ushuru una uhusiano na hesabu ya sehemu moja ya kumi, yaani fungu ambalo mtawala alilitoza katika mali. Kwa hiyo ushuru ni fedha. Forodha, kwa upande wake, ilikuwa na maana ya bandari au mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha shehena. Ndiyo sababu Unguja kuna Forodhani, pale ufukweni. Kwa hiyo forodha kwanza ni mahali, kisha ni kazi inayofanyika mahali hapo: kujua ni nini kinaingia, ni cha nani, kimetoka wapi na kina thamani gani.

Kuna na neno la tatu, ukaguzi. Huu ni kuitazama bidhaa yenyewe: je, nyama hii ni salama, mbegu hizi hazina ugonjwa, mtambo huu unatimiza viwango? Basi mtu anaweza asidaiwe hata shilingi moja ya ushuru na bado akalazimika kusimama forodhani, kisha akasubiri ukaguzi.

Jinsi mpaka ulivyoondolewa

Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Wakati huo nchi waanzilishi zilikwisha kukamilisha umoja wa forodha tangu mwaka 1968, maana yake ni kwamba zilifuta ushuru baina yao na kuwa na ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje. Hata hivyo, kwa miaka mingi malori yaliendelea kusimama mipakani na madereva waliendelea kubeba mafungu ya fomu. Hali hiyo ilibadilika tarehe 1 Januari 1993, lilipoanza soko la pamoja ambalo nchi zote zilifuata kanuni moja za afya, usalama na viwango. Tangu hapo, lori la nyanya kutoka Hispania liliingia London kama vile lori la matoke linavyotoka Mbarara kuja Kampala.

Tunaona hapa kwamba ziliondolewa hatua mbili mbalimbali. Umoja wa forodha uliondoa ushuru. Kanuni za pamoja ndizo zilizoondoa fomu na ukaguzi.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni, na asilimia 51.9 wakachagua kuondoka. Nchi ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, ikapewa kipindi cha mpito hadi tarehe 31 Desemba mwaka huo. Tarehe 24 Desemba 2020 pande mbili zilikubaliana kwamba bidhaa zenye asili ya upande mmoja zitaingia upande wa pili bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Wengi waliosikia habari hiyo walidhani kwamba biashara ingeendelea kama zamani. Baada ya wiki moja tu mambo yakawa mengine.

Karatasi na samaki

Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 kila shehena iliyotoka Uingereza kwenda Ulaya ilihitaji tamko la forodha la kutoka, na tamko jingine la kuingia upande wa pili. Tamko hueleza aina ya bidhaa kwa namba maalumu, uzito wake, thamani na asili. Nyama, samaki na maziwa vilihitaji pia cheti cha afya kilichotiwa saini na mtaalamu aliyeidhinishwa, na mimea ilihitaji cheti cha afya ya mimea. Kabla ya mabadiliko hayo, mamlaka ya mapato ya Uingereza ilikadiria kwamba matamko peke yake yangewagharimu wafanyabiashara wa nchi hiyo paundi bilioni 7.5 kwa mwaka.

Wa kwanza kuumia walikuwa wauzaji wa samaki wa Uskoti. Hao huuza kamba na kaa walio hai, bidhaa isiyoweza kungoja. Wengi ni wafanyabiashara wadogo ambao hawana mzigo wa kujaza lori zima, kwa hiyo mizigo ya watu kadhaa hupakiwa pamoja. Cheti cha mmoja kikiwa na kasoro, lori zima husimama na samaki wa wote huharibika. Tarehe 18 Januari 2021 baadhi yao walipeleka malori yao katikati ya London, karibu na Bunge, kulalamika. Wavuvi wa chaza na kome walikuwa na shida kubwa zaidi, kwani sheria za Ulaya haziruhusu nchi ya nje kuingiza viumbe hao wakiwa hai kama wametoka katika maji yasiyo ya daraja la juu na hawajasafishwa kwanza. Hakuna hata mmoja wa watu hawa aliyedaiwa ushuru.

Mwezi huohuo televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa wa forodha katika bandari ya Hoek van Holland wakichukua mikate yenye nyama kutoka kwa madereva waliowasili kwa meli kutoka Uingereza. Watu walicheka, lakini sheria haikuwa mpya. Msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa. Kilichobadilika ni kwamba Uingereza sasa ilikuwa nje.

Asili ya bidhaa

Tumesema bidhaa "zenye asili" ya upande mmoja. Maneno hayo mafupi yana uzito mkubwa. Chukua mfano wa peremende zilizotengenezwa Ujerumani, zikapelekwa katika ghala la Uingereza, kisha zikatumwa kwenye duka la Dublin. Zilipofika Uingereza hazikufanyiwa lolote, kwa hiyo haziwezi kuhesabiwa kuwa za Uingereza. Zikirudi Ulaya, ushuru unaweza kudaiwa kama wa bidhaa ya kigeni, ingawa zilizaliwa hukohuko Ulaya. Ndiyo maana kampuni kadhaa zilizokuwa zikihudumia Ireland kutoka maghala ya Uingereza zililazimika kubadili njia, na meli za moja kwa moja kati ya Ireland na Ufaransa zikaongezeka.

Mpaka uliohamia baharini

Suala gumu kuliko yote lilikuwa la Ireland ya Kaskazini. Sehemu hii ni ya Uingereza, na mpaka wake na Jamhuri ya Ireland, iliyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya, una urefu wa kilomita 500 hivi. Katika miaka ya vita vya ndani, ambavyo viliua watu wapatao 3,500, vituo vya forodha vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoshambuliwa. Baada ya mkataba wa amani wa tarehe 10 Aprili 1998 hakuna aliyetaka kuona kituo chochote pale tena.

Lakini bidhaa zilipaswa kukaguliwa mahali fulani. Ufumbuzi uliokubaliwa ni kwamba Ireland ya Kaskazini iendelee kufuata kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, na ukaguzi ufanyike katika bandari kama Belfast na Larne kwa mizigo inayotoka kisiwa cha pili. Kwa njia hiyo mpaka wa forodha ukawekwa ndani ya nchi moja. Mbegu za viazi kutoka Uskoti zikazuiwa kuuzwa kwa mkulima wa Ireland ya Kaskazini, ambaye ni raia wa nchi hiyohiyo. Chama kikuu cha wanaotaka kubaki na Uingereza kilikasirika, na tangu Februari 2022 hadi Februari 2024 serikali ya jimbo haikuweza kufanya kazi.

Tarehe 27 Februari 2023 yalitangazwa makubaliano mapya yanayoitwa Mpango wa Windsor. Kuanzia Oktoba 2023 kuna njia mbili: njia ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland ya Kaskazini, yenye karatasi chache, na njia nyekundu kwa zile zinazoweza kuvuka kwenda Ulaya. Mbegu za viazi zikaruhusiwa tena kwa masharti. Mzigo umepungua, ila haujaisha. Hapa tunajifunza kwamba nchi mbili zikifuata kanuni tofauti, mpaka wa forodha hauondoki kwa kutotakiwa na watu. Unaweza tu kuhamishwa.

Ukaguzi ulioahirishwa

Ulaya ilianza ukaguzi siku ya kwanza. Uingereza yenyewe iliahirisha wa kwake mara kadhaa, ikihofia upungufu wa vyakula na kupanda kwa bei. Matamko kamili ya forodha kwa bidhaa kutoka Ulaya yalianza Januari 2022, vyeti vya afya vikafuata tarehe 31 Januari 2024, na ukaguzi wa bidhaa zenyewe tarehe 30 Aprili 2024. Kwa miaka zaidi ya mitatu, basi, muuzaji wa Kiingereza alikaguliwa Ulaya, hali mwenzake wa Ulaya aliingia Uingereza kwa urahisi.

Ofisi inayotayarisha makadirio ya bajeti ya Uingereza imekuwa ikikadiria kwamba, baada ya muda, biashara ya nje ya nchi hiyo itakuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko ambavyo ingekuwa kama isingeondoka. Mzigo huo haulingani kwa wote. Gharama ya cheti ni karibu ileile kwa lori zima na kwa boksi moja, kwa hiyo kampuni kubwa huajiri wakala wa forodha na kuendelea, na mdogo huacha kuuza nje. Tarehe 19 Mei 2025 pande mbili zilikubaliana kutafuta mapatano mapya kuhusu afya ya wanyama na mimea, ili vyeti hivyo vipungue.

Somo kwetu

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuielewa habari hii. Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ya sasa ilianza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Kuondoka kwa Uingereza nako kulitufikia: Kenya ililazimika kutia saini mkataba wake yenyewe na Uingereza mnamo Desemba 2020 ili maua na mboga zake ziendelee kuingia huko bila ushuru.

Katika mipaka ya Busia na Malaba, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti cha asili kilichorahisishwa, na halipi ushuru wa forodha. Lakini ni lazima awe na cheti hicho. Mama akiambiwa kwa Kiswahili kwamba "siku hizi hakuna forodha," atafika pale mikono mitupu, mzigo wake utazuiwa, au atashawishika kupita njia za panya na kupoteza kila kitu. Angeambiwa "hakuna ushuru, lakini pita forodhani ukachukue cheti," angerudi nyumbani na faida yake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza walimu waitazame upya istilahi inayosikika mara nyingi, "vikwazo visivyo vya kiforodha." Maana inayokusudiwa ni vikwazo ambavyo si ushuru, kama vile vyeti, viwango na foleni. Lakini vingi kati ya hivyo viko forodhani hasa! Kwa maoni yetu, "vikwazo visivyo vya kiushuru" ni sahihi zaidi. Darasani, wanafunzi wapewe tangazo lolote la biashara ya mpakani na waulizwe maswali matatu: ni nini kinalipwa, ni nini kinatangazwa, na ni nini kinakaguliwa? Atakayeyajibu yote matatu bila kuyachanganya ataweza kuaminiwa kumtafsiria mfanyabiashara pale mpakani.