Posho Ikikatika, Mama Afanye Nini?

Ninyi mnaokaa karibu na migodi munajua vema neno "posho". Zamani huko Katanga, mfanyakazi wa Gécamines alipewa unga wa familia juu ya mshahara, na watoto wake walitunzwa katika hospitali ya kampuni. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi kwa kupewa feza mara moja tu. Feza zikaisha, posho haikurudi. Nani aliyebeba nyumba? Mara nyingi ni mama, kwa kuuza makala, unga ao mboga.

Huku kwetu Mbau posho ni ya namna nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza watu wengi katika vijiji vya Beni. Waliokimbia walipata unga, maharagi na mafuta ya musaada, ao feza kidogo. Lakini mwaka 2025 wafazili walipunguza feza, na PAM ikapunguza hesabu ya watu inaowasaidia mashariki mwa Kongo.

Sasa angalia shida ya mama. Shamba lake la muhogo na kakao liko mbali, na wengi wameuawa shambani. Akikaa mjini, analima kwa wengine kwa siku, anafua nguo, ao anauza mandazi kando ya barabara. Jioni anapata ya kula, basi. Mtoto akishikwa na malaria, mtaji unaliwa. Kesho atauza nini?

Usifikiri ni sisi peke yetu. Mwaka 1996, Marekani ilitoa sheria mpya: musaada wa feza wa serikali kuu kwa familia maskini usipite miaka 5. Wamama wengi wakapata kazi, lakini kazi za malipo madogo. Nauli na malipo ya kulindiwa mtoto vilikula sehemu kubwa ya mshahara. Basi kuwa na kazi si kusema umetoka katika umaskini.

Njia ipi basi? Likilimba tunaijua: kila mmoja anatoa, mmoja anabeba zote. Ni nzuri, lakini ugonjwa haungoji zamu yako. Kwa hiyo wamama wengi wameingia AVEC, chama cha kuweka na kukopesha kilichoanza Niger mwaka 1991. Watu kama 15 mpaka 25 wanaojuana wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, 1 mpaka 5. Sanduku lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3 mbalimbali. Kuna mfuko wa kando kwa ajili ya ugonjwa na kilio: hapo ndipo mtaji wa mandazi unapookoka. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Tufanye hesabu. Hisa moja ikiwa 1.000 FC, na mama ananunua 2 kila juma, katika majuma 40 ameweka 80.000 FC, bila kuhesabu faida ya mikopo. Si utajiri. Ni mbegu.

Ninyi wababa, mjue kwamba tangu sheria ya Julai 2016 mke haombi tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi mkataba. Musimzuie, mumsaidie.

Na ninyi vijana? Mara nyingi dada mkubwa anaacha masomo ili alinde mtoto wakati mama yuko sokoni. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini ubure hausaidii binti aliyefungwa nyumbani. Kaka, wewe pia una mikono: teka maji, beba mtoto, mupeane zamu.

Mwenye kungali na posho leo asingoje siku itakapokatika. Haba na haba hujaza kibaba. Ongeeni jambo hili nyumbani jioni hii: kwetu, nani anamsaidia mama, na tunaweka kiasi gani kila juma?